Karatasi Mbili za Mgombea Mmoja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenituma: kugusa sabuni. Mdogo wangu alikuwa hodari wa kuingia bafuni, kumwaga maji sakafuni, kulowesha nywele na kutoka akijidai ameoga. Maji yalimwagika kweli, lakini sabuni ilibaki kavu. Nikiikuta kavu namrudisha kwa mkono, naye analalamika kwamba mimi si dada, ni askari.

Mama alicheka, akaniita Mkaguzi, na jina likaniganda. Sikulikataa. Nilihesabu vipande vya mkate kabla mwenye duka hajafunga mfuko. Maziwa niliyanusa. Mtu akiniambia "kweli kabisa", hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka, maana mwenye ukweli wa kawaida haoni haja ya kuuongezea "kabisa". Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na marafiki zangu hawakuwa wengi.

Baada ya masomo nilipitia kwa Baba. Baba alikuwa mchapaji. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: mashine ya kuchapa katikati, kikata karatasi ukutani, meza ndefu ya kukunjia, na harufu ya wino iliyotufuata hadi kwenye mashuka yetu nyumbani. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya mbwa waliopotea. "Hapa tunachapa tunacholetewa," aliwaambia wateja. "Hatuongezi nukta, hatupunguzi mkato." Hiyo ilikuwa kanuni ya karakana. Kabla ya kuwasha mashine alimpa mteja sampuli, mteja akaisoma na kutia saini, na Baba akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku mteja akija juu kwamba jina la bibi harusi limekosewa, Baba anashusha sampuli, anaonyesha saini, na ugomvi unaisha hapo hapo.

Kila kazi ilikuwa na karatasi zake zilizoharibika, zile za mwanzo kabla wino haujakaa sawa. Baba hakuzitupa. Alizikata, akazibana kwa pini, nami nikafanyia hesabu upande wake mweupe. Nadhani ni mimi peke yangu shuleni niliyejifunza hesabu za sehemu nyuma ya mialiko ya harusi.

Lakini mashine ilikuwa imezeeka. Roli zake za mpira, zile za kupakia wino, zilikuwa zimelika na kuacha madoa. Miaka miwili nyuma, kazi zilipokauka, Baba alifunga karakana akaenda kuajiriwa kwenye kiwanda kikubwa katika mji wa mbali. Mwaka mzima tulimwona mara tatu, kabla hajarudi kuifungua tena. Mara ya pili alipokuja, mdogo wangu alimwamkia kwa adabu kama mgeni, na Baba akatoka nje kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu. Sikutaka jambo lile lijirudie. Kila nilipoona karatasi imetoka na doa, nilikwenda kuzikagua roli tena.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Kuta zote za mji zilivaa sura za watu wanaotabasamu, na redio haikunyamaza. Jioni moja tulikuwa mezani, Mama akiwa bado na sare yake ya unesi kutoka zahanati, mgombea mmoja wa urais akasema redioni kwa sauti nzito, "Siku ya kwanza nikiingia madarakani, nitafuta kodi ya mapato. Hakuna mfanyakazi atakayekatwa tena hata senti moja. Na nitapunguza matumizi ya serikali kwa nusu."

Mama aliacha kijiko. Akafungua mkoba, akatoa hati yake ya mshahara na kuweka kidole kwenye mstari wa makato.

"Mmesikia?" akasema. "Hiki kikirudi mfukoni mwangu, kwa miezi sita tu tunanunua roli mpya. Baba yenu haendi popote."

Sikuwa nimemwona Mama akifurahi namna ile kwa siku nyingi. Nilitaka kufurahi naye, lakini ukaguzi ulinipanda.

"Mama, mshahara wako unatoka wapi?"

"Serikalini, mwanangu."

"Na serikali inautoa wapi?"

Mama aliitazama tena hati yake. Baba aliinamia sahani yake.

"Na wakipunguza matumizi kwa nusu," nikaendelea, "pale zahanati watapunguza nusu ya nini? Mko manesi wanne."

"Kula chakula kitapoa," Mama akasema, akaikunja ile hati polepole. Hakukasirika. Ila furaha ilimtoka usoni, nami nikajichukia kidogo kwa kumharibia jioni yake.

Wiki hiyo hiyo wakala wa yule mgombea akaja karakana. Alikuwa mwanamume nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati, na Baba, ambaye hakuacha mtu bila jina, alimwita Kalamu Mbili alipokwisha kutoka. Aliagiza vipeperushi. Siku tatu baadaye akaagiza vingine. Baba alichapa, mimi na Mama tukakunja haraka haraka, upande mweupe ukiwa juu, bila kusoma, na vikabebwa. Mashine ilinguruma mpaka saa za jioni na Baba akaanza tena kupiga mbinja.

Jumamosi nilikaa na kitabu changu kipya cha karatasi mbovu nikifanya hesabu za asilimia. Nilipogeuza ukurasa wa kwanza kutafuta kosa, nikaona nyuma yake ile sura ya mgombea, na chini yake: NITAFUTA KODI YA MAPATO. NITAPUNGUZA MATUMIZI YA SERIKALI KWA NUSU. Nikageuza ukurasa wa tano. Sura ni ile ile, tai ile ile, tabasamu lile lile. Chini yake: ZAHANATI MPYA KILA KATA. WALIMU MARADUFU. DAWA BURE KWA WOTE.

Nilivisoma mara tatu. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa baya: Baba amekosea. Amechanganya maneno ya wagombea wawili akayaweka chini ya picha moja, na kazi yenyewe imeshasambazwa. Baba alipotoka kwenda kununua wino, nilipanda kigoda nikashusha sampuli kwenye msumari. Zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, neno kwa neno kama zangu. Zote zilikuwa na saini ya Kalamu Mbili, yenye mkia mrefu kama wa tiara. Pembeni Baba alikuwa ameandika pa kupeleka mzigo. Ya kwanza: mtaa wa viwandani. Ya pili: mtaa wa hospitali.

Basi hapakuwa na kosa lolote. Watu wa viwandani, wanaokatwa kodi kila mwezi, wameahidiwa kutokatwa. Watu wa hospitali wameahidiwa zahanati, walimu na dawa. Kati ya mitaa hiyo miwili kuna mji mzima, na hakuna anayebeba kipeperushi kukipeleka upande wa pili. Mtu pekee aliyekuwa na vyote viwili pamoja alikuwa mtoto mwenye hesabu za asilimia.

Baba alinikuta bado niko juu ya kigoda.

"Umeviona hivi?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyevichapa."

"Na hukusema kitu?"

"Hapa tunachapa tunacholetewa, Mkaguzi." Alisema hivyo huku akifuta mikono ambayo haikuwa na wino. Nilimjua Baba vizuri, na kitambaa kile hakikunidanganya.

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu wetu wa hesabu. Alikuwa mama wa makamo asiyetabasamu ovyo, na aliyependa chaki kuliko watu. Alisoma kipeperushi kimoja, akasoma cha pili, akanirudishia.

"Mimi simwambii mtu ampigie nani kura," akaliambia darasa zima, "na ninyi bado hampigi. Lakini hesabu haina chama. Kaeni."

Akatoa gazeti la siku ya bajeti, akachora ubaoni duara kubwa la fedha zinazoingia serikalini na kuligawa vipande. Kipande cha kodi ya mapato kilikuwa karibu theluthi nzima. Akachukua kifutio, akakifuta. Duara likabaki na pengo ambalo mtu angeweza kupitisha mkono.

"Nani ataliziba?" akauliza.

"Wapunguze magari ya wakubwa na safari za nje," akasema mvulana mmoja.

"Vizuri. Tuone." Akachora duara la pili, la matumizi. Mishahara ya walimu, manesi na polisi ilichukua sehemu kubwa, kisha dawa, barabara, shule, madeni. Magari, safari na chai za mikutano vilikuwa kipande chembamba kama siagi kwenye mkate wa bahili. Darasa lilicheka.

"Wanapaswa kupunguza hayo, na tuwadai wapunguze," mwalimu akasema. "Ila pengo lile halitazibika kwa hayo peke yake. Na jambo jingine, kodi imewekwa kwa sheria. Nani hutunga sheria?"

"Bunge," tukajibu.

"Basi kumbukeni hilo mnaposikia mtu akisema siku ya kwanza."

Kwa bahati, au pengine si bahati, mgombea mwenyewe alitangaza kwamba atakutana na wazazi na wanafunzi katika ukumbi wa shule yetu siku ya Ijumaa. Mwanafunzi mmoja angeuliza swali. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia nimechaguliwa mimi. Nilifurahi kwa muda wa kutoka ofisini hadi mlangoni tu. Watoto wa shule ile tulikuwa mia nne na zaidi. Kwa nini mimi?

Jibu nililikuta karakana. Kalamu Mbili alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, amekunja nne.

"Huyu ndiye binti yetu," akasema. "Nimemwombea nafasi mimi mwenyewe." Akanipa kikaratasi. Kilikuwa kimeandikwa: Mheshimiwa, wazazi wetu wamechoka kukatwa kodi. Je, utawaokoa lini?

Nilikisoma. Halikuwa swali. Lilikuwa zulia la kumtandikia mtu apite.

"Ulisome vile vile," Kalamu Mbili akasema kwa sauti ya asali. "Mimi na baba yako tuna jambo kubwa. Mabango elfu ishirini. Malipo ya awali natoa Jumamosi. Utachapa, mzee, mpaka mashine iombe maji ya kunywa." Akacheka, akampiga Baba begani, akaondoka.

Malipo ya awali ya mabango elfu ishirini yalikuwa roli mpya. Baba hakulisema, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Roli mpya maana yake Baba yuko nyumbani.

"Baba, nisome?"

Alichukua kitambaa, akaipangusa mashine.

"Wewe unajua kanuni ya hapa," akasema mwishowe, akaniachia hapo. Nililala na kikaratasi chini ya mto. Nilijua ukweli unataka nini kwangu, na nilijua Baba anastahili nini kwangu, na vitu hivyo viwili havikukaa kitanda kimoja.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto walikaa watu wa viwandani wakiwa na maovaroli, upande wa kulia watu wa mtaa wa hospitali. Mama alikuwa zamu, na Baba alisema ana kazi, ingawa hakuwa nayo. Mgombea aliingia. Alikuwa mfupi kuliko picha zake. Alizungumza vizuri mno. Aliposema kodi itafutwa, wa kushoto walipiga makofi. Wa kulia waliposubiri zahanati zao, akazitaja kwa haraka na kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nilimtazama kooni. Alimeza mate.

Mwalimu mkuu akaniita. Nilisimama mbele ya kipaza sauti na kikaratasi mkononi. Kalamu Mbili, kando ya jukwaa, alinitikisia kichwa kunipa moyo. Nilianza: "Mheshimiwa, wazazi wetu wamechoka..." Sauti ilikuwa yangu lakini maneno hayakuwa. Nikaona kama naisikia ile mashine ya Baba, inavyovuta karatasi bila kujua kilichoandikwa. Nikanyamaza. Nikajikaza kisabuni, nikafungua kitabu changu cha karatasi mbovu.

"Mheshimiwa," nikasema, "kipeperushi chako cha mtaa wa viwandani kinasema utafuta kodi ya mapato na kupunguza matumizi kwa nusu. Kipeperushi chako cha mtaa wa hospitali kinasema utajenga zahanati kila kata na kuongeza walimu maradufu. Ukishafanya cha kwanza, fedha za cha pili zitatoka wapi? Na bunge je, umeshaliuliza?"

Kisha mwanamume mmoja mwenye ovaroli akasimama. "Kipeperushi gani cha hospitali?" akauliza. Bibi mmoja upande wa kulia akatoa chake kwenye pochi. Wakakutana katikati ya ukumbi, wakabadilishana, wakasoma wamesimama pale pale.

"Swali zuri sana," mgombea akasema. "Huyu mtoto ni mwerevu. Fedha zipo. Tutafuta ubadhirifu, magari ya kifahari, safari..."

"Hayo ni kipande chembamba, tulichora ubaoni," nikasema, na papo hapo nikatamani sakafu inifunike, kwa sababu nilikuwa nimemkatiza mtu mzima.

"Jibu kwanza," mwalimu wa hesabu akasema kutoka nyuma, sijui ananiambia mimi au anamwambia mheshimiwa.

Mgombea alifuta paji la uso. Alimtazama wakala wake, akawatazama wale wawili waliosimama na karatasi zao. "Nitasema ukweli," akasema. Hakuongeza "kabisa", nami nikaliandika hilo moyoni. "Rais hafuti kodi kwa kalamu yake. Ni lazima ipelekwe bungeni, na bunge linaweza kukataa. Na kufuta yote kwa mara moja na kujenga hayo yote kwa mara moja... hesabu zake bado tunazifanya."

Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyezomea. Watu walitoka wakizungumza kwa sauti za chini, wa kushoto na wa kulia wamechanganyika mlangoni.

Mimi nilitoka peke yangu. Nilikuwa nimemwaga unga wa Baba mbele ya watu mia tano. Nilitembea polepole kadiri nilivyoweza, lakini karakana haikusogea mbali. Gari la Kalamu Mbili lilikuwa likiondoka nilipofika. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mabango hayapo tena," akasema.

"Nilivunja kanuni," nikasema, na machozi yakanitoka. "Nililetewa maneno, sikuyachapa. Sasa utaondoka tena."

Baba alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Kanuni ile ni ya mashine," akasema. "Mashine haijui kusoma, ndiyo maana naisamehe. Nani alikwambia mdomo wako ni mashine yangu?" Akanishika mabega. "Siku ile uliponiuliza, nilipaswa kukwambia hivi. Niliona roli, sikukuona wewe. Nisamehe, mwanangu."

Nakumbuka shati lake lilinuka wino na nililiharibu kwa machozi.

Msamaha, hata hivyo, haununui roli. Jumatatu Baba alishusha begi lake la safari kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi. Mama alianza kumkunjia mashati. Ile hati yake ya mshahara ilikuwa bado kwenye mkoba, na makato yake yote.

"Mama, umenikasirikia?" nikauliza.

"Mimi nilitaka iwe kweli," akasema. "Kutaka si kosa. Kosa ni pale nilipotaka mpaka nikaacha kuuliza, mimi ninayejua glovu zinavyokwisha pale zahanati. Na bado nataka wanipunguzie. Ila waniambie nesi gani ataondoka."

Siku hizo hata mdogo wangu alikuwa mpole. Asubuhi ya Jumatano nilikuta sabuni imelowa chepechepe, nikampongeza. Alipopita karibu nikasikia harufu ya jana. Nikamshika, nikamnusa shingo. Alikuwa ameilowesha sabuni, akairudisha mahali pake, na mwili haujaona tone. Tulipompigia kelele alijibu kwamba mimi naangalia sabuni tu, sikusema naangalia shingo. Baba alicheka mpaka akakaa kwenye begi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Ijumaa.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Kalamu Mbili akarudi karakana. Kalamu zilikuwa mbili kama kawaida, ila tabasamu lilibaki nyumbani.

"Watu wanabebana na vipeperushi kutoka mtaa hadi mtaa," akasema. "Kila tunapokwenda tunaonyeshwa viwili. Mheshimiwa ameamua tutoe kimoja tu, kwa mji mzima, na kila nyumba ikipate kabla ya Jumapili."

"Wachapaji wengine je?" Baba akauliza kwa upole mkubwa.

"Wote wawili wamejaa kazi za wagombea wengine." Akatazama sakafu. "Na bamba la kuchapia picha yake unalo wewe."

Baba alipokea karatasi ya maneno mapya, akanipa nisome kwa sauti. Ilisema: Nitapeleka bungeni mswada wa kuwapunguzia kodi ya mapato wenye mishahara midogo, hatua kwa hatua. Kabla ya uchaguzi nitatangaza hesabu ya jinsi pengo litakavyozibwa. Zahanati na walimu wataongezwa kadiri fedha zitakavyoruhusu.

"Haina utamu," Kalamu Mbili akanung'unika.

"Ule utamu ndio ulionitia shaka," nikasema. Baba alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini si kwa nguvu.

Vipeperushi vya mji mzima vilikuwa vingi kuliko mabango yale. Baba alidai malipo ya awali, akapewa, na asubuhi iliyofuata roli mpya zilikuwa mezani, nyeusi na zinang'aa. Begi lilirudi juu ya kabati. Mdogo wangu alilipandia kiti na kulisukuma mpaka ukutani kabisa, ili lisishuke kirahisi.

Tulipochapa sampuli, Kalamu Mbili aliisoma mstari kwa mstari, kisha akatia saini yenye mkia. Alipoondoka nilimgeukia Baba. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani niliamua kumwamini mtu.

"Basi sasa anasema kweli," nikasema. "Si ndiyo, Baba?"

Baba aliishika sampuli kwenye mwanga, akaitazama kama anavyotazama kila kazi.

"Sabuni imelowa, Mkaguzi," akasema. "Shingo hujainusa bado."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, kisha akawa makini. "Sikufundishi kumdharau kila anayeahidi. Nchi haiwezi kwenda bila watu wa kuahidi mambo makubwa. Lakini mtu akikuahidi, usimshangilie upesi wala usimzomee. Muulize fedha zitatoka wapi na nani mwingine lazima akubali. Akikujibu, lishike jibu lake, umngoje nalo. Mimi nilijua hayo, nikanyamaza kwa sababu ya kazi. Wewe hukunyamaza, na hata yeye amelazimika kusema kitu kinachowezekana."

Alikwenda nyuma ya mlango. Sampuli za wateja wengine hukaa pale mwezi mmoja, kisha huondolewa. Baba alizishusha zote, akazitenga, akaitoboa ile mpya na kuitundika ya kwanza, ndani kabisa ya msumari, mahali ambapo nyingine zingekuja juu yake bila kuiangusha.

"Itakaa hapo miaka mitano," akasema. "Akishinda, wewe utakuwa na kumi na saba. Utaishusha mwenyewe, utasoma."

Niliigusa kwa kidole. Wino ulikuwa bado haujakauka sawasawa.